Safu ya Wasiomaliza: Mhadhara Juu ya Kazi ya Kipande Katika Michezo



Niliombwa nije Tlawi nizungumze juu ya mabingwa wa riadha waliotoka Mbulu na Hanang. Ombi hilo nitalitimiza nusu. Mabingwa mnawajua kuliko mimi. Wengine ni wajomba zenu. Mimi nimekuja kusoma sehemu ya karatasi ya matokeo ambayo huwa hatuifikii, ile ya chini kabisa, baada ya jina la mtu wa mwisho, wanapoorodheshwa walioanza mbio na wasizimalize. Humo wamo walioumia, waliokata tamaa na waliokata pumzi. Humo humo, wamechanganywa nao bila alama yoyote, wamo watu waliofanya kazi yao barabara, wakalipwa, wakaenda zao kuoga.

Karatasi ya kwanza ni ya tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City. Watu 75 walianza marathoni ya Olimpiki katika jiji lililoko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Waliofika ni 57, na wa 57 alikuwa John Stephen Akhwari wa Mbulu. Hadithi yake hakuna mtoto wa shule hapa asiyeijua: misuli ilimkaza, akagongana na wenzake wakigombea nafasi, akaanguka, goti likaumia na bega likapigwa chini. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda, watazamaji wengi wamekwisha kuondoka, saa ikisoma 3:25:27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma safari yote ile akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Akhwari alialikwa Sydney mwaka 2000, akawa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Beijing ulipopita Dar es Salaam mwaka 2008. Kinachosahaulika ni kwamba hakuwa mkimbiaji wa bahati mbaya. Miaka miwili baada ya Mexico, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa tano kwa saa 2:15:05. Huyo ni mkimbiaji wa daraja la juu kwa kipimo cha wakati ule, na naona tunamwonea tunapomkumbuka kwa bandeji peke yake.

Lakini mtazameni aliyekuwa kwenye safu ya chini siku ile ile. Abebe Bikila, bingwa wa Rome 1960 na Tokyo 1964, mtu aliyeifundisha Afrika kwamba marathoni ni yetu, alijitoa kabla ya kilomita ya 20 kwa maumivu ya mguu. Kwenye karatasi, Bikila hakumaliza na Akhwari alimaliza. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema Bikila alikuwa na moyo mdogo. Alijua mguu wake umefika mwisho, na alijua Mwethiopia mwenzake yuko mbele na ana nguvu.

Hapa ndipo nina ugomvi kidogo na jinsi tunavyowafundisha vijana. Maneno ya Akhwari ni ya mtu aliyetumwa na taifa, asiyelipwa hata senti, katika enzi ambayo kanuni za Olimpiki zilikataza mkimbiaji kulipwa. Tumeyachukua maneno hayo tukayafanya sheria ya kila mbio, pamoja na mbio ambazo ni ajira. Kijana wa leo akiteremka Arusha kutafuta wakala, haendi kutumwa. Anakwenda kuuza kitu alicho nacho, na katika soko hilo kuna bidhaa nyingi kuliko ushindi. Moja ya bidhaa hizo ni kukimbia kilomita 30 kwa kasi iliyopangwa, kisha kusimama.

Katika Kiswahili cha magazeti tunamwita mwongoza kasi. Wanariadha wenyewe, kwa kufuata Waingereza, humwita sungura. Anaajiriwa na waandaaji wa mbio. Anapewa kasi, anapewa umbali, anapewa fulana ya mistari ili washindani na kamera zimtambue. Kazi yake ni kukata upepo kwa ajili ya walio nyuma na kuwaondolea mzigo wa kufikiri. Kazi hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi. Mkimbiaji anayetafuta muda mzuri akiwa peke yake hulazimika kila baada ya dakika tatu kuamua upya: nimekwenda mno? nimelegea? Mbele yake akiwepo mtu anayeaminika, anachofanya ni kumwangalia mgongo.

Msiidharau kazi hiyo kwa sababu inaishia njiani. Chukueni marathoni ya saa 2 na dakika 3. Wastani wake ni dakika 2 na sekunde 55 kwa kila kilomita. Mwongoza kasi aliyekubali kufika kilomita ya 30 lazima apite nusu marathoni kwa dakika 61 na nusu, na akishapita hapo hana ruhusa ya kushangilia. Anadaiwa karibu kilomita 9 nyingine kwa mwendo ule ule, bila kwenda mbio zaidi hata pale mwili unapotaka, kwa sababu sekunde tatu za ziada kwenye kilomita ya 12 zinaweza kumwua mtu aliye nyuma kwenye kilomita ya 38. Ni kama kibarua aliyekatiwa kipande chake cha palizi: akivuka mpaka amemharibia mwenzake hesabu, akiishia kabla ya mpaka halipwi. Nusu marathoni za wilaya zetu hushindwa kwa muda mrefu kuliko huo. Yaani kijana anayeweza kuwa bingwa wa mkoa bado hajafika kiwango cha kuwa sungura wa marathoni ya Valencia.

Na historia ya kazi hii si ya pembeni. Tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, huko Oxford, alivutwa mizunguko ya kwanza na Chris Brasher, kisha na Chris Chataway. Muda ulikuwa 3:59.4. Wapo waliosema palepale kwamba huo si ushindani, ni mpango. Brasher yule, aliyekata upepo kwa ajili ya mwenzake, alishinda dhahabu yake mwenyewe ya Olimpiki mwaka 1956 katika mbio za kuruka viunzi na maji, na mwaka 1981 akawa mmoja wa waasisi wa London Marathon. Nawatajia hili kwa sababu nimesikia wazee wakisema sungura ni mtu asiye na ndoto zake.

Sasa naomba mnivumilie, nitoke nje ya riadha niende mchezo ambao hapa Tlawi hauna hata kiwanja: besiboli. Nauchagua kwa sababu Wamarekani wamekuwa na tatizo letu hili hili, nao walilitafutia dawa.

Katika besiboli mtu mmoja husimama katikati ya kiwanja na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Huyo mrushaji ndiye moyo wa timu inayolinda. Mchezo una awamu tisa, na mkono wa binadamu haudumu tisa kwa nguvu ile ile. Siku hizi mrushaji aliyeanza hutolewa mara nyingi kwenye awamu ya tano au ya sita. Anaingia wa akiba. Mrushaji wa akiba ni mtaalamu wa kipande kidogo. Huketi pembeni saa mbili nzima, huitwa ghafla wakati mambo yameharibika, hufanya kazi ya dakika kumi au ishirini, na kesho yake huenda akaitwa tena. Ukiangalia vizuri utaona ni sungura aliyegeuzwa: sungura huanza asimalize, huyu humaliza bila kuanza.

Kwa miaka mingi kazi hiyo haikuonekana kwenye hesabu. Vitabu vya takwimu viliandika mrushaji nani kashinda, nani kashindwa, basi. Mwaka 1959 Elroy Face wa Pittsburgh, mrushaji wa akiba, alimaliza msimu akiwa ameshinda mara 18 na kushindwa mara 1. Rekodi ya ajabu. Lakini mwandishi mmoja wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, aligundua kwamba baadhi ya ushindi huo ulikuja baada ya Face mwenyewe kupoteza uongozi aliokabidhiwa, kisha wenzake wakaurudisha kwa gongo. Wakati huohuo wapo wa akiba waliokuwa wakilinda uongozi wa wenzao usiku baada ya usiku, na vitabu havikuwaandika popote. Holtzman akabuni hesabu mpya: mrushaji aliyeingia timu yake ikiongoza kwa tofauti ndogo, akaulinda uongozi huo hadi mwisho, ahesabiwe ameokoa mchezo. Mwaka 1969 hesabu hiyo ikawa rasmi.

Kilichofuata kila mkulima wa kitunguu saumu wa Mbulu atakielewa bila kufafanuliwa: kitu kikishawekwa kwenye mizani, kinapata bei. Wakala wa mrushaji wa akiba sasa aliweza kuingia ofisini na namba mkononi. Ilipofika zamu ya Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi kutoka kijiji cha Puerto Caimito, Panama, kazi ya kumalizia ilikuwa kazi ya kutajirisha. Alirusha kwa misimu 19 na New York Yankees, kuanzia 1995 hadi 2013, akaokoa michezo 652, akitegemea zaidi mrusho wa aina moja tu ambao wapinzani waliujua na bado hawakuuweza. Mwaka 2019 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo kwa kura zote, bila hata moja kumpinga. Hajapata kutokea mwingine kabla yake: si mpiga gongo maarufu, si mrushaji wa kuanza. Wa kwanza kupata kura zote alikuwa mtu wa kipande.

Afrika nayo imeanza kuingia mlango huo. Tayler Scott wa Afrika Kusini, mrushaji wa akiba, alifika ligi kuu ya Marekani mwaka 2019 na tangu hapo amebadilisha timu mara nyingi kuliko tunavyobadilisha kalenda, maana ndiyo hali ya ajira ile. Jirani zetu Waganda wako mbele yetu: timu ya watoto wa Lugazi ilifika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika, baada ya wenzao wa mwaka uliotangulia kunyimwa viza. Mwaka 2023 Mganda David Matoma, mrushaji mwenye umri wa miaka 17, alisaini na Pittsburgh Pirates, akaanzia ligi za chini kama wa akiba. Timu ni ile ile ya Elroy Face. Kwetu Dar es Salaam mchezo umepandwa na Wajapani, na Shule ya Sekondari ya Azania ina kiwanja chake. Si haba.

Narudi kwenye riadha na swali langu: Holtzman wa sungura yuko wapi? Hayupo. Mwongoza kasi aliyefika kilomita ya 30 kwa sekunde zile zile alizoandikiwa, akasogea pembeni, anaandikwa kwenye matokeo kwa alama ile ile ya aliyeumwa tumbo kilomita ya 6. Wakala wake hawezi kuonyesha karatasi. Mwalimu wake hawezi kuibandika ukutani. Mama yake akisomewa matokeo atasikia kwamba mwanawe alishindwa.

Ajabu ni kwamba sheria zenyewe zinakiri uzito wa kazi hii. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Alizungukwa na waongoza kasi 41 waliopishana kwa zamu, wakikimbia katika umbo la herufi V, wakiongozwa na mwanga uliomulikwa barabarani kutoka kwenye gari. Miongoni mwao walikuwemo Bernard Lagat, ndugu watatu wa familia ya Ingebrigtsen wa Norway, na Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 2016. Bingwa wa Olimpiki alisafiri hadi Austria kumkatia upepo mtu mwingine! Muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, na sababu mojawapo ni hiyo hiyo: waongoza kasi waliingia wabichi katikati ya safari, kama warushaji wa akiba. Sungura anayeruhusiwa ni yule aliyeanza pamoja na wenzake mstarini.

Kwa upande wa wanawake sheria zimekwenda mbali zaidi. Ziko rekodi mbili za dunia za marathoni, moja ya mbio ambazo wanawake hukimbia pamoja na wanaume, na kwa hiyo wanaweza kuvutwa na mwanamume mwanzo hadi mwisho, na nyingine ya mbio za wanawake peke yao. Pale Berlin mwaka 2023, katika mbio za aina ya kwanza, Tigist Assefa wa Ethiopia alikimbia kwa saa 2:11:53, na dada yetu Magdalena Shauri akawa wa tatu kwa saa 2:18:41, muda ambao mwanamke wa Tanzania hakuwahi kuufikia. Hakuna aibu yoyote kwa wote wawili. Nasema tu kwamba shirika la dunia lisingejisumbua kuweka vitabu viwili kama mgongo wa mtu aliye mbele ungekuwa kitu kidogo.

Kuna wakati mgongo huo ulikuwa wa kwetu, tena bila malipo. Filbert Bayi alizaliwa Karatu ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, hakusubiri mtu. Bastola ilipolia alichomoka, akawaacha, akaongoza mizunguko yote, huku John Walker mwenyeji akimkaribia mwishoni na umati ukipiga kelele za kumsukuma Walker. Bayi akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker, wa pili, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Siku ile Bayi alifanya kazi mbili: aliwavuta wote, kisha akawashinda wote. Mimi naiweka mbio hiyo juu ya medali yake ya fedha ya Moscow 1980, ingawa najua wengi hapa mtanipinga, na baada ya mhadhara nitawasikiliza.

Gidamis Shahanga wa Hanang ni habari nyingine. Mwaka 1978 alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Mwaka 1982, Brisbane, alishinda mita 10,000 kwa 28:10.15, Zakaria Barie akiwa nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde. Siku chache tu baadaye akasimama tena mstarini kwa marathoni. Yeye na Juma Ikangaa wakaenda mbele kwa kasi, wakawaacha wengine mbali, mpaka miguu iliyokwisha kushinda dhahabu ikagoma. Ikangaa akaendelea peke yake akipambana na Rob de Castella wa Australia, akashindwa kwa sekunde 12: 2:09:18 kwa 2:09:30. Katika historia tunayoisimulia, mbio ile ni ya Ikangaa na de Castella. Muda wa Ikangaa umejengwa kwa sehemu juu ya kilomita alizopishana na Shahanga kukata upepo, na kilomita hizo hazina safu kwenye karatasi.

Enzi hiyo fedha ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwa mlango wa uani. Boston, marathoni kongwe kuliko zote zinazofanyika kila mwaka, ilianza kutoa zawadi ya fedha mwaka 1986 tu. Na Boston ndiko ninakotaka kuwapeleka sasa, kwa sababu kijana wetu Gabriel Geay ametupa mfano mzuri wa soko linavyopima.

Desemba 2022 Geay alikimbia Valencia, barabara tambarare, waongoza kasi wameajiriwa. Aliyeshinda alikuwa Kelvin Kiptum wa Kenya katika marathoni yake ya kwanza, 2:01:53. Geay alikuwa wa pili kwa 2:03:00, rekodi ya Tanzania. Miezi minne baadaye, Aprili 2023, alikuwa Boston. Boston haiajiri sungura. Olimpiki nayo haina, wala mashindano ya dunia. Hapo kila mtu anajikatia upepo, na kuongoza ni gharama. Aliyekubali gharama hiyo kwa sehemu kubwa ya safari alikuwa Kipchoge mwenyewe. Baada ya kilomita ya 30, kwenye vilima vya Newton, wenzake waliongeza mwendo naye akaachwa. Akamaliza wa sita. Waliobaki walipigana hadi mjini: Evans Chebet 2:05:54, Geay 2:06:04, Benson Kipruto 2:06:06.

Tazameni sekunde hizo mbili za mwisho. Zawadi ya wa pili ilikuwa dola 75,000, ya wa tatu dola 40,000. Kila sekunde kati ya Geay na Kipruto ilikuwa na thamani ya dola 17,500. Kipchoge, aliyewavuta wote watatu kwa zaidi ya saa nzima, hakulipwa kwa kazi hiyo, kwa sababu Boston hakuna mkataba wa kuvuta. Valencia angekuwapo mtu wa fulana ya mistari, na mtu huyo angelipwa, akimaliza asimalize.

Kwa hiyo ninyi vijana mkiniuliza kama ninawashauri mkawe sungura, nitawajibu kwamba nawashauri mjue kuwa kazi hiyo ipo na ina bei. Mwenye umri wa miaka 21, anayekimbia nusu marathoni kwa dakika 61 lakini hajui mwili wake unafanya nini baada ya kilomita ya 35, anaweza kulipwa akajifunze. Anapewa tiketi na hoteli, anaona meza ya maji inavyopangwa, anakaa chumba kimoja na watu wenye uzoefu, anarudi na miguu isiyoharibika. Marathoni kamili kwa kasi ya juu hudai miezi ya kupona. Kilomita 30 hudai wiki chache. Mkimbiaji wa mbio kamili hufanya mbili kwa mwaka. Anayeuza vipande anaweza kupata siku nyingi zaidi za kazi.

Na kwa kuwa ni kazi, kuna karatasi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana nimeona mikataba iliyosainiwa juu ya boneti ya gari. Somo la kwanza ni makato. Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwenye mapato ya mwanamichezo mgeni, isipokuwa kama kuna utaratibu mwingine uliokubaliwa. Wakala kwa kawaida huchukua asilimia 15. Dola 75,000 zikipita katika milango hiyo miwili, kwa hesabu ya darasani, hubaki 41,250, na hapo mwalimu, tiba na nauli za mazoezi bado. Fedha nazo hazitolewi siku ya mbio; hungojea majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, na huweza kuchukua miezi. Kijana asiyejua hayo hukopa kwa kutegemea namba aliyoiona kwenye televisheni. Na mkopeshaji wa Arusha hangoji majibu ya maabara.

Somo la pili ni la sungura peke yake. Mkataba uandike kasi kwa kila kilomita tano, siyo kwa maneno kama "mwendo mzuri". Uandike nani anaamua kama upepo au joto vimebadilisha mpango. Uandike malipo ya kipande: akifika 20 kwa wakati, kiasi gani, 25, kiasi gani, 30, kiasi gani. Uandike akiumia kilomita ya 18 atatibiwa na nani. Na msisitize, hili nawaomba walimu walisimamie, kwamba waandaaji watoe barua yenye muda wake wa kila kilomita tano na saini. Barua hiyo ndiyo Holtzman wenu mpaka atakapopatikana mwingine. Ikiwekwa kwenye faili shuleni au kwenye chama cha riadha cha wilaya, wakala atakayekuja kesho ataona kijana huyu ameongoza mara tano na mara zote tano amefika kwa sekunde alizoahidi. Kwa mwenye kununua kasi, hiyo ni taarifa yenye thamani kuliko ushindi wa mbio za kijiji ambazo hakuna aliyepima urefu wake.

Kimebaki kipengele kimoja, nacho wengi hukiruka. Tarehe 28 Septemba 2003, Berlin, Paul Tergat wa Kenya alikuwa akiitafuta rekodi ya dunia. Mmoja wa waliomwongozea kasi aliitwa Sammy Korir. Kipande chake kilipokwisha, Korir alijiona bado ana miguu, akabaki. Wakafika mwisho wa mbio bega kwa bega, na Tergat akapita kwa saa 2:04:55, rekodi ya dunia. Korir akapita kwa 2:04:56. Sungura alikuwa amekimbia marathoni ya pili kwa kasi katika historia yote ya wanadamu kufikia siku hiyo. Miaka mitatu kabla, barabara hizo hizo, Simon Biwott aliajiriwa kuongoza kasi akaishia kushinda mbio zenyewe, na Los Angeles mwaka 1994 Paul Pilkington alifanya vivyo hivyo akaondoka na gari la Mercedes, huku aliyefika wa pili akidhani yeye ndiye mshindi.

Kanuni za riadha zinamruhusu mwongoza kasi kuendelea hadi mwisho. Mkataba waweza kumnyima. Kwa hiyo kabla ya kuangalia kiasi cha malipo, kabla ya kuuliza tiketi ni ya lini, tafuteni mstari unaosema kipande kikiisha na mtu bado anazo nguvu, ana hiari ya kubaki barabarani na kupokea zawadi ya nafasi atakayoifikia. Kama mstari huo haupo, kalamu iwekwe chini kwanza, wakala apigiwe simu aueleze mbele ya mzazi.